Ijumaa Kampala, Jumamosi Jinja, Jumapili Mukono: Mwongozo wa Maonyesho kwa Bendi Changa ya Roki

Bendi inayotaka kupiga Kampala siku ya Ijumaa, Jinja siku ya Jumamosi na Mukono siku ya Jumapili inahitaji wiki sita za matayarisho, na sehemu kubwa ya matayarisho hayo haihusu muziki wenyewe. Ninawaandikia vijana wanne au watano wenye magitaa mawili, besi, dramu na mwimbaji, ambao wanazo nyimbo kumi na mbili wanazoweza kuzipiga bila kukwama, lakini hawana meneja wala gari. Nimepiga besi katika bendi ya aina hiyo kwa miaka saba. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kila linaloweza kuamuliwa nyumbani liamuliwe nyumbani, ili mkifika jukwaani ibaki kazi moja tu, nayo ni kupiga.

Njia hiyo nimeichagua kwa sababu. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, na Mukono iko kwenye barabara hiyo hiyo, kwa hiyo onyesho la Jumapili linawakuta mkiwa njiani kurudi nyumbani. Mwenye kazi au masomo haombi ruhusa: Ijumaa anatoka ofisini kwenda jukwaani, na Jumatatu anaamka kwake. Bendi nyingi hutamani kuanza na Mbarara au Gulu, lakini Mbarara iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Kampala na Gulu zaidi ya 300. Safari ndefu kiasi hicho humaliza nguvu na fedha za bendi ambayo bado haijajijua.

Kuzungumza na mwenye ukumbi

Nendeni kwa miguu yenu, siku ya katikati ya wiki, mnamo saa tisa alasiri wakati baa imetulia. Msiende Ijumaa jioni watu wakiwa kazini. Mchukue rekodi ya simu iliyochukuliwa mkipiga pamoja chumbani, kwa kuwa mwenye ukumbi anataka kujua mtasikika namna gani kwake, wala si namna studio ilivyowapamba. Salamu zitangulie shughuli na zisiharakishwe. Neno la Kiganda "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) likitamkwa kwa heshima hufungua mlango ambao bango zuri haliwezi kuufungua.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na yataje saa ya kupima sauti, saa ya kuanza na kumaliza, nani analeta mitambo, nani analipia mafuta ya jenereta, na kama kuna chakula. Kuhusu saa, kuweni waangalifu mno. Katika Kiswahili na Kiganda saa mbili usiku ni ile ile, lakini anayewaza kwa Kiingereza huisoma namba 2 kuwa saa nane mchana. Mwaka wetu wa kwanza tulifika ukumbini jua likiwa utosini kwa onyesho la usiku, kwa kuwa ujumbe ulitaja namba 2 tu, na mpiga dramu wetu alikuwa amepoteza ujira wa siku nzima. Tangu hapo tunaandika "saa 2 usiku, yaani 20:00", na hatujakosana na mtu tena juu ya jambo hilo.

Malipo ya mlangoni yapigiwe hesabu kabla hayajakubaliwa. Tuseme kiingilio ni shilingi 10,000 na wameingia watu 70: makusanyo ni shilingi 700,000, na fungu la bendi la asilimia 60 ni 420,000. Ondoeni 150,000 za gari na mafuta, kisha 70,000 za nyuzi na matengenezo, zinabaki 200,000, yaani 40,000 kwa kila mmoja wa watu watano. Wakiingia watu 30 badala ya 70, makusanyo yote ni 300,000, fungu lenu ni 180,000, na gari peke yake limeimeza karibu yote. Kwa sababu hiyo ninashauri muombe kiasi cha chini kisichopungua, kinacholipia angalau usafiri, na asilimia ihesabiwe juu yake. Mtu wenu asimame mlangoni akihesabu vichwa pamoja na mtu wa ukumbi, na wawili hao walinganishe hesabu kila baada ya nusu saa. Mkilipwa kwa pesa za simu, mkubaliane mapema kwamba kiasi kinachotajwa ni kile kinachobaki baada ya makato, kwa maana licha ya ada ya kampuni, serikali hutoza asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa.

Vibali ni wajibu wa mwenye ukumbi, lakini muulizeni waziwazi. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na bendi ya roki inayopiga nje ya jengo hadi usiku wa manane inaweza kuletewa afande kabla wimbo wa tatu haujaisha. Ukumbi ukiwa katikati ya makazi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji, aarifiwe siku chache kabla.

Vyombo na namna ya kuvibeba

Kodini taksi ya abiria 14 pamoja na dereva wake kwa siku zote tatu, na mumuombe akifungue kiti cha nyuma. Amplifaya ya besi, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, ikae chini ikiegemea kiti; ngoma ndogo ziingizwe ndani ya kubwa zikitenganishwa kwa mashuka; magitaa yasimame ndani ya mikoba yake, yasilale chini ya kitu chochote. Msiache gitaa ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu joto hulegeza gundi na kupinda shingo, na gitaa lililopinda shingo halitapatana na mengine hata likityuniwa mara kumi. Anayekuja kwa bodaboda alibebe gitaa mgongoni kwa wima. Likikaa kwa upande, shingo yake hujitokeza barabarani, na taksi ya kwanza inayopita karibu itaigonga.

Hata ukumbi ukiwa na seti ya dramu, mpiga dramu aje na vyake vitatu: ile ngoma ndogo ya kati yenye nyaya chini yake, matoazi, na pedali ya ngoma kubwa. Hivyo ndivyo vinavyoharibika upesi kwenye seti ya watu wote, na ndivyo vinavyobeba roki.

Nyuzi mpya zifungwe Alhamisi. Uzi mpya huendelea kunyooka na kushuka sauti kwa muda, kwa hiyo gitaa lililofungwa nyuzi saa moja kabla ya onyesho litaachana na wenzake katikati ya wimbo wa pili. Baada ya kuzifunga, vuteni kila uzi taratibu kwa vidole kuanzia katikati, tyunini, vuteni tena, na mrudie hadi ukatae kushuka. Uzi mwembamba kuliko wote ndio hukatika kwanza, basi wa ziada wawe watatu au wanne. Mfuko wa dharura uwe pia na kebo tatu za gitaa, betri za volti 9, fyuzi za plagi, ufunguo wa dramu, jozi mbili za fimbo, utepe wa kitambaa na tochi. Mfuko huo uwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, wala usizunguke mikononi mwa watu.

Umeme

Hapa ninaomba msomaji asiruke hata sentensi moja, kwa kuwa jambo hili linahusu uhai.

Umeme wetu ni wa volti 240, na katika kumbi nyingi soketi ina matundu matatu ilhali waya wa ardhi hauendi popote. Amplifaya ya gitaa ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ardhi, nayo miksa, mtambo unaochanganya sauti zote, ikachomekwa kwingine penye ardhi, mwimbaji anayepiga gitaa anakuwa daraja kati ya viwili hivyo: vidole vyake viko kwenye nyuzi, midomo yake inaigusa maikrofoni. Dalili ya kwanza ni mwasho mdogo mdomoni, kama wa kugusa betri kwa ulimi. Niliupata mwasho huo usiku mmoja katika ukumbi wa ufukweni nikaudharau, na katika ubeti uliofuata nilirushwa hatua mbili nyuma. Midomo yangu ilikuwa imelowa jasho, na jasho hupitisha umeme vizuri.

Kipimo chake ni rahisi. Nunueni mita ya umeme ya bei nafuu, iwekwe kwenye kipimo cha umeme wa nyumbani, ncha moja iguse nyuzi za gitaa lililounganishwa na ncha nyingine iguse wavu wa maikrofoni. Ikisoma karibu na sifuri, imbeni. Ikisoma makumi ya volti, hakuna atakayeimba hadi chanzo kipatikane. Mara nyingi dawa ni kulisha jukwaa lote, pamoja na miksa, kutoka soketi moja yenye ardhi ya kweli. Kamwe msikubali fundi akate au kuondoa pini ya ardhi ili kuzima mvumo wa spika. Mvumo huondolewa kwa boksi la DI, kisanduku kinachokaa kati ya kebo ya gitaa na miksa, lenye swichi ya kutenganisha ardhi ya kebo ya sauti, lakini ardhi ya umeme ibaki palepale.

Kebo ndefu ya ekstensheni inayoviringishwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kutumika, hata kama jukwaa liko hatua tatu tu kutoka ukutani. Ikibaki imeviringwa hushika joto, na niliwahi kuishika moja baada ya onyesho nikakuta mipira ya waya imeanza kugandana kama nta.

Umeme ukikatika, kila mwenye amplifaya aizime kabla ya jenereta kuwashwa, na asiiwashe tena hadi jenereta ingurume kwa mlio ulio sawa kwa dakika kadhaa. Umeme unaporudi ghafla huja kwa msukumo usio wa kawaida, na msukumo huo ulituunguzia amplifaya ambayo tulikuwa tumechanga mwaka mzima kuinunua. Wakati wa kuwasha, miksa itangulie na amplifaya za spika zije mwisho; wakati wa kuzima, mwendo uwe kinyume.

Na watu waliokaa gizani wakisubiri? Kila bendi ya roki Uganda iwe na wimbo wake wa giza. Nchi hii ina kadongo kamu, muziki wa gitaa moja kavu na mtu anayesimulia kisa, na hadhira yetu imelelewa ikijua kuusikiliza. Mwekeni gitaa kavu pembeni ya jukwaa, mchague mmoja wa nyimbo zenu wenye kisa, mfanye mazoezi ya kuupiga bila umeme wowote, mpiga dramu akitumia mikono juu ya ngoma kubwa. Taa zikizimika, mwimbaji ashuke chini mahali watu walipo. Nimeona ukumbi uliokuwa ukipiga soga wakati wa nyimbo zetu zenye kelele ukinyamaza kabisa kwa wimbo huo, na watu wakiwasha tochi za simu zao bila kuombwa.

Kupima sauti

Fikeni muda wa saa tatu kabla onyesho halijaanza, mjue jina la fundi mitambo, na mmpe karatasi yenye mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, nani anaimba, kebo ngapi zinahitajika. Mafundi wengi hapa wameipatia kazi yao katika ibada na sherehe za kwanjula, yaani za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ambako gitaa hutakiwa kulia safi kama kinanda. Fundi wa namna hiyo akisikia gitaa lenye mkwaruzo hudhani spika imepasuka, naye kwa uaminifu wake atalishusha hadi lisisikike. Mwelezeni mapema kwamba mkwaruzo huo ndio mnaoutaka, mumpigie kipande akiwa karibu na amplifaya, na mumwambie ni wimbo gani wenye gitaa safi na upi wenye mkwaruzo. Mazungumzo ya dakika tano yatawaokoa usiku mzima.

Anzeni na ngoma kubwa peke yake, kisha ngoma ndogo, besi, magitaa, na mwisho sauti za waimbaji. Kisha pigeni nusu ya wimbo wenye kelele kuliko zote. Sauti ya mwimbaji isiposikika juu ya magitaa, msimwombe fundi aipandishe, bali shusheni magitaa, kwani maikrofoni ikipandishwa kupita kiasi itapiga mluzi. Wapiga gitaa hujiongeza sauti kwa sababu amplifaya iko sakafuni ikiyapigia magoti yao. Iinamisheni nyuma ielekee masikioni, nao watajishusha wenyewe. Mwimbaji asifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, hata kama inapendeza kwenye picha, maana kufanya hivyo pia huleta mluzi.

Nyimbo na maneno ya kati

Dakika 45 zinatosha. Nyimbo kumi za dakika nne ni dakika 40, na tano zinazobaki ni za salamu, pongezi na kutyuni. Nyimbo zinazotumia tyuni moja zifuatane, ili jukwaa lisikae kimya mara nne mtu akizungusha vigingi.

Watu wetu wanapenda bendi. Afrigo Band imekuwa ikipiga tangu mwaka 1975, na anayesema Waganda hawana subira ya muziki wa ala hajawahi kuiona ikiwa kazini. Kilicho kigeni kwao ni roki yenyewe, basi wapeni mahali pa kushika. Baakisimba, mdundo wa ngoma za Buganda, hukaa vizuri chini ya gitaa zito endapo mpiga dramu atajifunza kwa mpiga ngoma halisi badala ya kubahatisha. Wimbo mmoja uliosimama juu ya mdundo huo, ukiwekwa wa tatu au wa nne, huwainua hata waliokuja kunywa tu.

Katika kuzungumza, chagueni lugha kwa kutazama waliopo. Kiganda kitawafaa Kampala na Mukono, na Jinja neno moja la Kisoga hupokelewa kwa shangwe. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, bado baadhi ya wazee hukisikia kwa kumbukumbu za askari na vizuizi vya barabarani, na hilo linanisikitisha kwa kuwa ndiyo lugha ninayoitungia. Hata hivyo nimeona kwamba Kiswahili kikiimbwa kwa upole, hasa katika wimbo wa mapenzi au wa kumkumbuka aliyeondoka, hakuna anayekikataa.

Barabarani

Baada ya onyesho la Ijumaa, dereva alale kwanza kuliko wote. Ondokeni Kampala Jumamosi saa mbili asubuhi, mkijua kwamba baada ya Mukono mtakutana na malori na matrekta ya miwa karibu na Lugazi, ambayo hayapishiki kwa urahisi. Simameni Namawojjolo kabla ya msitu wa Mabira. Kuku wa mishikaki na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma, walioletwa dirishani wakiwa bado wana moshi wa makaa ni chakula bora kwa bendi kuliko soda na biskuti, na kitawashikilia hadi jioni. Mnunulieni dereva kwanza. Mwimbaji anywe maji yasiyo baridi mara kwa mara, na asibishane kwa sauti ndani ya gari lenye muziki.

Jinja mlale huko huko. Kurudi usiku baada ya onyesho ili kuokoa fedha za chumba ni hatari ambayo sitamshauri mtu yeyote kuichukua.

Mukono ni mji wa wanafunzi, na Jumapili ibada huendelea hadi adhuhuri, kwa hiyo msiguse hata dramu kabla ya saa nane mchana. Anzeni saa kumi na mmalize kabla ya giza, ambalo hapa kwetu huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Kufikia siku hiyo sauti ya mwimbaji itakuwa imechoka: punguzeni nyimbo mbili za kupayuka, na mwingine aimbe angalau moja. Masikio nayo yatakuwa yamechoka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na aliyesimama kando ya matoazi hufika huko bila shida. Vizibo vya masikio vinauzwa katika maduka ya dawa, na mpiga dramu avivae tangu Ijumaa.

Fedha zihesabiwe ndani ya gari Jumapili hiyo hiyo, kabla mtu wa kwanza hajashuka Bweyogerere, kwenye viunga vya Kampala, kila mmoja akiona daftari. Jumatatu mwandikieni kila mwenye ukumbi na kila fundi mitambo ujumbe wa shukrani. Futeni matoazi kwa kitambaa kikavu, fungueni kebo zote zipate hewa, na ile iliyokwaruza ifungwe utepe mwekundu hadi itakapolehemiwa. Jumanne kutaneni chumbani, mchukue ule wimbo mliopotezana Jinja, muuanze kwa nusu ya kasi yake, besi na dramu peke yao kwanza.